Hofu ya mtihani: maswali ambayo wazazi na wanafunzi wa Unguja na Pemba huyauliza mara kwa mara

Mie ni mwalimu wa ushauri nasaha katika skuli ya sekondari. Nimesomesha Unguja, nimesomesha Pemba, na kila mwaka ikiingia Septemba simu yangu haipoi. Maswali ni yale yale, hubadilika sauti tu: mara mama, mara baba anayejifanya anamuulizia jirani, mara mtoto mwenyewe anayeandika saa saba za usiku, "Shikamoo ticha, umelala?" Nimeyaweka hapa pamoja. Mengine nimeyajibu kwa urefu kwa sababu yana mambo ndani yake, mengine hayahitaji maneno mengi.

Mwanangu hana homa, lakini kila asubuhi ya mtihani anatapika. Anajifanya?

Hajifanyi. Mwili una king'ora kimoja tu. Ukutane na nyoka shambani au na karatasi ya Hisabati, kinacholia ni kile kile: tezi zilizokaa juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, damu inapelekwa kwenye misuli ya kukimbilia na tumbo linaachwa na njaa yake. Ndio hicho kichefuchefu, viganja vya jasho, kwenda chooni mara tatu kabla ya kengele. Nyoka ungemkimbia yakaisha. Pepa huikimbii, basi nguvu yote ile inabaki ndani inakutikisa.

Wasiwasi kidogo una faida yake, maana asiye nao hata chembe hafungui daftari. Asubuhi hiyo mpeni kitu chepesi, uji au chai ya tangawizi na kipande cha boflo, msimlazimishe sahani ya maharage. Na kama tumbo linamuuma hata siku zisizo na mtihani, nendeni hospitali kwanza, msije mkaita hofu kitu ambacho ni vidonda.

Mbona sie tulifanya mitihani na hatukuwa hivi?

Swali hili huulizwa na baba zaidi, na huulizwa kwa sauti ya juu. Nami hujibu kwa kuhesabu. Mtoto wa Zanzibar anapita kwenye mitihani ya Baraza la Mitihani la Zanzibar tangu yuko msingi mpaka Kidato cha Pili, ambacho ndicho chekeche la kwanza kubwa la sekondari. Akivuka anakabidhiwa kwa Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA: Kidato cha Nne mwezi wa Novemba, na akijaaliwa, Kidato cha Sita mwezi wa Mei. Katikati hapo kuna mock, kuna mtihani wa wilaya, kuna testi za Jumamosi. Elimu ilipotangazwa kuwa bila malipo tarehe 23 Septemba 1964 mlango wa kuingilia ulifunguka, likawa jambo jema sana. Chekeche halikuondoka lakini, lilisogezwa mbele. Zamani aliyekwama alikwama mdogo, akaenda pwani au shamba, na nusu ya mtaa ilikuwa naye huko. Leo anakwama ana miaka 17, baada ya miaka kumi na zaidi ya kuambiwa "soma mwanangu, skuli ndio kila kitu".

Na jengine. Matokeo ya NECTA yanawekwa mtandaoni kwa namba ya mtahiniwa. Mwenye namba yako anayaona kabla hujayaona wewe. Na namba hiyo shangazi anayo tangu Oktoba, aliiomba ili akuombee dua.

Nina mazoea ya kuwauliza watoto: hebu niambie, unaogopa nini hasa? Sijapata hata mmoja aliyenijibu kwamba anaogopa swali la tisa. Wanasema: mama atalia. Baba alikopa pesa ya tuisheni. Watanicheka pale barzani. Karatasi yenyewe wanaimudu. Wanachokiogopa ni siku ya pili yake. Wazazi mliosoma mpaka hapa, shikeni hilo, maana majibu mengi yaliyobaki yanatoka humo.

Mdomoni anajua vizuri, kwenye karatasi hajui. Vipi?

Mambo mawili yanagongana.

La kwanza ni lugha. Anafikiri kwa Kiswahili, anacheza kwa Kiswahili, na mwalimu wake (mimi mmoja wao) akitaka aeleweke kweli kweli humwelezea kwa Kiswahili. Halafu pepa ya Biolojia, ya Jiografia, ya Historia inakuja kwa Kiingereza. Sera ya elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 ilisogeza Kiingereza mpaka Darasa la Tano kwa Hisabati na Sayansi, kwa nia kwamba watoto wakifika sekondari wawe wameshazoea. Nia ni nia. Ninachokiona darasani ni mtoto anayeweza kukueleza mzunguko wa damu kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha swali linaanza na neno moja la Kiingereza asilolijua na mlango wote unafungwa.

La pili ni hofu yenyewe. Sehemu ya akili inayoshika mambo unayoyafanyia kazi kwa wakati huo ni ndogo. Mfano wa sinia la watu wanne: swali, maneno yake, kanuni uliyohifadhi na hesabu unayoipiga. Wamekaa, wanakula. Hofu ni mgeni wa tano ambaye hakualikwa, na ana mikono mirefu. Mwenye Kiingereza chepesi ana nafasi ya kumvumilia mgeni huyo. Anayetafsiri kila sentensi kichwani sinia lake lilishajaa tangu mwanzo.

Dawa yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi. Kila somo liwe na buku dogo la maneno ya maswali, hasa yale ya kuamrisha: eleza, fafanua, linganisha, taja, thibitisha, kwa Kiingereza chake na kwa Kiswahili chake. Si mengi, hayafiki hata hamsini. Mtoto anayeyajua bila kufikiri amemnyima yule mgeni kiti.

Nasoma mpaka usiku wa manane na siku ya mtihani sikumbuki kitu. Nisomeje?

Mwanangu, wewe umepita chuoni, chuo cha Kur'ani. Kumbuka ulivyohifadhi juzuu. Maalim hakukuambia uitazame sura mara ishirini halafu uende zako. Ulifunga msahafu, ukasoma kwa kichwa, ukakwama, ukasahihishwa, ukarudia. Kesho yake ukaisoma tena, na wiki ya pili ukarejeshwa kwenye ile ya zamani. Hiyo ndiyo muraja, na sura ulizozishika kwa njia hiyo unazisoma leo bila kufikiri.

Sasa tazama unavyosoma Kemia. Umefungua daftari, umepiga mistari ya rangi, unasoma ukurasa ule ule kwa mara ya nne na unajiona unaujua kwa sababu macho yameshauzoea. Watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, walilipima jambo hili mwaka 2006: baada ya wiki moja, wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walishika zaidi kuliko waliorudia kusoma tu. Na waliorudia kusoma ndio waliokuwa na uhakika zaidi kwamba wameshika. Maalim wa chuoni angewaambia hayo bure.

Kwa hiyo fanya muraja wa Kemia. Funga buku, andika unachokumbuka, fungua, tazama ulipokosea, kisha rudia kesho na baada ya siku nne. Pastipepa zifanye kwa saa, mezani, bila simu. Mwili nao uzoee, ili Novemba isiwe mara yake ya kwanza kukaa saa tatu na karatasi.

Na usingizi?

Kijana wa umri wako anahitaji saa nane mpaka kumi. Ulichosoma mchana ubongo unakipanga usiku ukiwa umelala, na usipolala hakipangwi. Vile vinywaji vya kopo vya kuongeza nguvu viacheni madukani. Kafeini inapandisha mapigo ya moyo, na wewe moyo wako tayari unakwenda mbio.

Skuli imeweka kambi. Nimpeleke?

Hapa nitasema kwa uangalifu kwa sababu nimeshasimamia kambi, na watoto wengine ziliwaokoa. Mtoto anayetoka kwenye nyumba ya watu tisa na taa moja, au msichana ambaye akirudi nyumbani anakutana na ndoo, sufuria na wadogo zake, kambi kwake ni mapumziko. Anapata meza, anapata mwalimu, anapata wenziwe wa kuulizana.

Lakini niliwahi kuona kambi moja, sitaitaja, ambapo watoto waliamshwa saa kumi za usiku, wakasomeshwa mpaka saa nne usiku wa pili, na kila Ijumaa majina yalibandikwa ukutani kwa mpangilio wa alama, wa mwisho kwa wino mwekundu. Wiki ya tatu nusu ya dakhalia ilikuwa inaumwa kichwa. Mzazi, kabla hujatoa mchango, uliza mambo matatu: wanalala saa ngapi, wanakula nini, na mtoto akitaka kurudi nyumbani usiku mmoja ataruhusiwa? Ukijibiwa "mzee wewe tuachie sisi", fikiri mara mbili.

Sie tuko Pemba, na miezi ya kusoma ndiyo miezi ya karafuu. Tufanyeje?

Swali la haki kabisa, na wanaopanga ratiba wakiwa mjini hawalijui. Mavuno yanaanza katikati ya mwaka na yanaweza kuendelea mpaka baada ya Novemba, na kwa nyumba nyingi za Wete, Micheweni au Mkoani ndio pesa ya mwaka mzima. Mtoto mwenyewe anaijua hesabu: akichuma analipia sare na tuisheni, asipochuma anamwona mama yake akichambua karafuu peke yake mpaka usiku. Kumwambia aache kabisa ni kumtwika hatia juu ya hofu.

Nilichokiona kikifaa ni makubaliano yanayosemwa wazi, mapema. Wazee wakae na mtoto Agosti: unachuma asubuhi za Jumamosi na Jumapili, siku nyengine huulizwi, na kuanzia tarehe fulani ya Oktoba hupandi mkarafuu hata kama matawi yanalia. Asiulizwe kwa macho pia. Macho ya mama yanauliza kuliko mdomo wake. Na jengine la wazi: mtoto aliyechoka asipande mti. Tumeshazika na kuuguza watu walioanguka mikarafuuni, na kichwa kilichokesha na daftari hakishiki tawi vizuri.

Nimeingia chumba cha mtihani, kichwa kikawa giza. Nifanye nini pale pale?

Weka kalamu chini. Kanyaga sakafu kwa nyayo zote mbili mpaka uisikie. Vuta pumzi kwa hesabu ya nne, itoe taratibu kwa hesabu ya sita, mara tano au sita. Kutoa kwa muda mrefu kuliko kuvuta ndiko kunakoupunguza moyo mbio zake. Wenye mazoea ya kuleta uradi baada ya sala mtaona mwendo wa pumzi ni ule ule.

Kisha tafuta swali jepesi kuliko yote, hata kama ni la mwisho, ulijibu hilo. Mkono ukianza kuandika, kichwa hufuata.

Na siku hiyo kabla ya kuondoka nyumbani, chukua karatasi uandike dakika kumi kila unachokiogopa, bila kupanga maneno, halafu ichane. Linaonekana jambo la kitoto. Lakini Ramirez na Beilock walilijaribu Marekani, wakachapisha mwaka 2011: wanafunzi wenye hofu kubwa walioandika hofu zao kabla ya mtihani walifanya vizuri kuliko wenzao wasioandika. Mgeni umemtoa nje kabla sinia halijaletwa.

Bibi yake anataka anyweshwe kombe. Kuna ubaya?

Mie sina ugomvi na kombe. Aya zilizoandikwa kwa zafarani, zikaoshwa kwa maji safi, zikanyweshwa na mkono wa bibi anayempenda: mtoto anaondoka anajua kuna mtu yuko nyuma yake. Ubaya unaingia kwenye maneno yanayofuata kikombe. "Haya, sasa huna sababu ya kufeli." Hapo umechukua kilichokuwa utulivu ukakifanya deni, na akifeli atajiuliza kama hata imani yake imefeli. Mpeni kombe, muombeeni dua, kisha nyamazeni.

Na asisome kwa sababu kuna kombe? Hilo bibi mwenyewe atamjibu, tena kwa ukali kuliko mie.

Wasichana wanaanguka na kupiga mayowe darasani, mmoja baada ya mwengine. Ni mashetani?

Mie si mganga na sitabishana na mtu juu ya asiyoyaona. Nitasema ninayoyaona. Mambo haya huja zaidi karibu na mitihani, huja zaidi kwenye skuli zenye ukali mkubwa, huanza na mmoja, na huenea kwa kutazamana. Tanganyika mwaka 1962, katika skuli ya bweni ya wasichana huko Kashasha karibu na Bukoba, wasichana watatu walianza kucheka wasiweze kuacha. Waliopatwa walifika 95 kati ya wanafunzi 159, na Machi skuli ikafungwa. Ukaguzi wa chakula na damu haukuonyesha sumu wala maradhi ya kuambukiza. Madaktari walioandika juu yake waliona mshtuko wa nafsi unaosafiri katika kundi. Wale watoto hawakuwa wakiigiza, waliumwa kweli.

Kinachosaidia: watoe walioanguka, wapeleke mahali penye kivuli na utulivu, mmoja mmoja mbali na mwenziwe. Ondoa watazamaji, na simu za kurikodi ziwe za kwanza kuondoka. Asemeshwe kwa sauti ya chini na mtu anayemzoea. Wazee wakitaka kumsomea Kur'ani, asomewe kwa upole chumbani, si uwanjani mbele ya skuli nzima kwa kipaza sauti. Halafu, mambo yakitulia, mwalimu mkuu ajiulize wiki mbili kabla ya hapo watoto walikuwa wakiishi vipi.

Nikimchapa au nikimlinganisha na binamu yake, si ndio atajitahidi?

Atajitahidi kuficha. Nimepokea ripoti zenye sahihi za baba ambazo baba hajaziona.

Kuna watu wanauza majibu kwenye WhatsApp usiku wa kuamkia mtihani.

Wanauza hofu yako. Nyingi ya karatasi hizo ni za uongo, umekesha na majibu ya maswali ambayo hayapo. Na ikitokea ni ya kweli, NECTA hufuta matokeo, na hapo hapatakuwa na divisheni ya kujadili.

Matokeo yanatoka. Tuyapokeeje nyumbani?

Kwanza mwacheni ayaone yeye, peke yake au na mtu aliyemchagua. Asiyaone kupitia stetasi ya mtu. Mwaka 2023 NECTA iliacha kutangaza skuli bora na watahiniwa bora kama ilivyokuwa desturi. Wakubwa wameacha kupanga watu mstari, lakini mitaa yetu bado.

Siku hiyo simu ya mama izimwe mpaka alasiri. Ndio, izimwe. Watakaopiga kupongeza watapiga tena kesho, na watakaopiga kuchungulia hawana haraka yenye maana.

Kapata ziro. Ndio basi?

Tuanze na ziro yenyewe. NECTA inachukua masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, B 2, C 3, D 4, F 5. Pointi 7 mpaka 17 ni divisheni ya kwanza, 18 mpaka 21 ya pili, 22 mpaka 25 ya tatu, 26 mpaka 33 ya nne, na 34 au 35 ndio ziro. Kati ya 33 na 34 kuna pointi moja. Hiyo pointi moja ndiyo inayomfanya jirani abadilishe njia asikutane nawe.

Na vipimo hivi vimepangwa na watu. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalipotoka Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walikuwa na ziro, mpaka serikali ikayafuta yakapangwa upya. Baadaye divisheni ziliondolewa ikaletwa GPA, yaani wastani wa pointi, na haikupita miaka mingi divisheni zikarudi. Mtoto yule yule, karatasi zile zile, majina tofauti.

Njia zilizopo: anaweza kurudia kama mtahiniwa wa kujitegemea, masomo aliyokosa tu. Anaweza kwenda mafunzo ya amali, kuna vituo Mwanakwerekwe, Mkokotoni na Makunduchi kwa Unguja, Vitongoji na Daya kwa Pemba: umeme, useremala, ushoni, mafriji na mengineyo. Mwenye D zake kadhaa aulize vyuo vinavyotoa kozi za cheti. Fundi wa mafriji aliyepita skuli kwetu na F nyingi kuliko D ndiye ninayempigia friji langu likifa, na hana nafasi mpaka wiki ijayo.

Lakini msimpe ratiba hiyo siku ya matokeo. Siku hiyo hasikii. Mpeni wiki.

Nitajuaje kuwa imezidi hofu ya kawaida?

Ikiwa kwa wiki mbili halali, hali, haongei na marafiki zake, haswali na alikuwa akiswali, anagawa vitu vyake, anajiumiza, au anasema maneno kama "ningekuwa sipo mngepumzika". Maneno hayo msiyaite deko. Muulizeni wazi: unafikiria kufa? Kuuliza hakumtii wazo, kunampa mlango. Akisema ndio, asiachwe peke yake hata usiku, ondoeni dawa, sumu za shamba na kamba, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo: Unguja kuna Mnazi Mmoja na hospitali ya maradhi ya akili ya Kidongo Chekundu, Pemba anzeni na hospitali iliyo karibu nanyi, Chake Chake, Wete au Mkoani. Watu wataona gari imesimama Kidongo Chekundu. Waone. Namba 116 ni ya msaada kwa watoto, haina malipo, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga.

Nimwambie nini asubuhi ya mtihani, mwalimu?

Nimeulizwa hili na mama mmoja amesimama getini, ameshika kikapu, mwanawe ameshatangulia hatua kumi. Nilimwambia amwite. Akamwita. Mtoto akageuka na uso ule wanaoufanya wakingojea nasaha.

"Leo napika muhogo wa nazi na papa," akamwambia. "Usichelewe kurudi."